Baraza la Kijiji na Kazi Zake

1. Maana ya neno baraza

Hapo kale, na hata leo katika nyumba nyingi za pwani, baraza ni ile sehemu iliyo nje ya mlango, mbele ya nyumba, ambapo watu huketi jioni na kuzungumza. Mpita njia husalimu, akakaribishwa, akaketi. Kwa kuwa watu walikutana hapo si kwa mazungumzo tu bali kwa mashauri pia, neno likapanuka. Mkutano wa mashauri wenyewe ukaitwa baraza, na wale wanaoketi humo wakaitwa watu wa baraza.

Liangalieni vema jambo hili, kwa maana ndilo msingi wa somo letu. Baraza li nje ya mlango, wala si chumbani. Anayepita huona nani ameketi, na akitega sikio husikia nini kinasemwa. Shauri linaloamuliwa chumbani, mlango ukiwa umefungwa, laweza kuwa shauri jema, lakini si shauri la baraza.

2. Mashauri ya wazee wetu

Nchi yetu ya Handeni na Korogwe ina watu wa namna nyingi, lakini wenyeji wake wa zamani ni Wazigua na Wasambaa pamoja na ndugu zao Wabondei na Wanguu. Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja juu ya nchi yote. Kila mji ulikuwa na mkuu wake, naye aliamua mambo pamoja na wazee wa koo. Wasambaa walikuwa chini ya Wakilindi, ambao makao yao makuu yalikuwa Vugha, katika milima ya Usambara. Habari za watawala hao ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi.

Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala. La kwanza ni kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi. La pili ni kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mvua ikinyesha kwa wakati wake, chakula kikipatikana, na watu wakikaa kwa amani, walisema mtawala anaiponya nchi. Njaa na ugomvi vikizidi, walisema nchi inaharibiwa. Kwa hiyo mkuu hakusifiwa kwa ukali wake wala kwa wingi wa mali yake, bali kwa hali ya watu waliomzunguka. Hata leo kipimo hicho chafaa. Ukitaka kujua kama baraza la kijiji ni zuri, usitazame viti vyake. Tazama kisima, njia, shule na mashamba.

3. Amri zilizotoka mbali

Wadachi walipoitawala nchi hii waliweka maakida, kila mmoja juu ya vijiji vingi, na chini yao majumbe. Maakida wengi walitoka pwani, wala hawakuchaguliwa na watu waliowatawala. Kazi yao kubwa ilikuwa kukusanya kodi, kutafuta watu wa kazi na kupeleka amri. Mwaka 1916, wakati wa vita, majeshi ya Waingereza yalipita Korogwe na Handeni, na utawala wa Wadachi ukakoma huku kwetu. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, Waingereza walitoa sheria ya kuwapa watawala wa kienyeji mamlaka katika nchi zao. Hata hivyo mamlaka makuu yalibaki kwa serikali ya kikoloni.

Tena tujifunze jambo moja lililotokea jirani, katika milima ya Usambara. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali iliona kwamba mvua zinaosha udongo wa miteremko, ikaamuru watu walime kwa matuta. Kusudi lenyewe halikuwa baya, kwa maana udongo uliochukuliwa na maji haurudi. Lakini mwenye shamba hakuulizwa neno. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa wanawake, na asiyeifanya aliadhibiwa. Watu wakanung'unika, kisha wakapinga waziwazi, na kabla ya uhuru mpango ule ukaachwa. Basi oneni: hata shauri lenye faida ndani yake laweza kuanguka, kama wanaobeba mzigo hawakuitwa barazani.

4. Kijiji katika sheria ya nchi

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zikaondolewa, na kazi zake zikatiwa mikononi mwa watumishi wa serikali. Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya vijiji, na vijiji vikapewa mabaraza yake. Baadaye ikaonekana kwamba wilaya haziendi vema bila wajumbe waliochaguliwa na watu. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya serikali za mitaa, na halmashauri za wilaya zikarudi kazini mwaka 1984. Sheria hiyo ya 1982, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayoongoza vijiji vya Tanzania Bara.

Katika kijiji kuna vikao viwili, navyo visichanganywe. Cha kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huo ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wanaume kwa wanawake, matajiri kwa maskini, nao yapasa uitwe kila miezi mitatu. Mkutano huu ndio mkubwa kupita vyote kijijini. Cha pili ni Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Humo yupo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine waliochaguliwa. Wanawake wasipungue robo ya wajumbe. Halmashauri hukutana kila mwezi, na uchaguzi hufanywa kila baada ya miaka 5.

Yupo pia Mtendaji wa Kijiji. Huyu hachaguliwi kwa kura, bali ni mtumishi aliyeajiriwa. Ndiye katibu wa vikao, ndiye mwenye kuandika muhtasari na kutunza madaftari. Mwenyekiti huongoza, Mtendaji huandika na kutekeleza, na mkutano wa watu huamua yaliyo makubwa. Ni kama mafiga matatu: ukiondoa moja, chungu humwagika.

5. Mfano: shauri la lambo

Sasa tutazame jinsi baraza linavyofanya kazi. Kijiji hiki ni cha mfano, hakina jina, lakini mambo yake ni yale mnayoyajua.

Upande wa Handeni maji ni shida ya tangu zamani. Korogwe wana Mto Pangani, ambao wengine huuita Ruvu, na maji yake huvutwa kwa mabomba hata kufika Handeni. Lakini si kila kijiji kimefikiwa na bomba. Kwa hiyo watu huchimba malambo, yaani mashimo mapana ya kukinga maji ya mvua, nao hutumia maji hayo wakati wa kiangazi.

Kijiji chetu cha mfano kina lambo moja. Wanawake na watoto huteka maji hapo, na wafugaji huleta ng'ombe hapo hapo. Ng'ombe huingia ndani, hukoroga tope, huacha kinyesi. Watoto wakaanza kuugua matumbo. Siku moja kijana mmoja akawapiga ng'ombe kwa mawe, mchungaji naye akainua fimbo. Watu wakawaamua, lakini maneno makali yalikwisha kusemwa, na usiku ule vijana wa pande zote mbili walinoa mapanga.

Mwenyekiti hakungoja siku ya kikao cha mwezi. Akamwagiza Mtendaji aite Halmashauri kwa dharura, na kila mjumbe akapelekewa habari pamoja na shauri litakalozungumzwa. Hili ni jambo la maana. Mtu akiitwa bila kujua anaitiwa nini, huja mikono mitupu, wala hana fikira aliyoiandaa.

Siku ilipowadia wakafika wajumbe 18 kati ya 24. Mtendaji akawahesabu kwanza, kwa sababu kikao chenye watu wachache mno hakina nguvu ya kuamua. Hesabu hiyo ya wajumbe wanaotosha huitwa akidi. Kisha akasoma muhtasari wa kikao kilichopita, wakausahihisha, mwenyekiti akatia sahihi. Hapo ndipo shauri la lambo likafunguliwa.

Mjumbe wa kwanza akasema kwa hasira, "Ng'ombe wapigwe marufuku. Lambo tulilichimba kwa majembe yetu." Wengi wakaitikia.

Mzee mmoja wa wafugaji, ambaye alialikwa aje kueleza upande wake, akasimama akasema, "Wazee wangu, na mama zangu, nawaamkieni. Ni kweli lambo mlilichimba ninyi. Lakini nasi tulitoa fedha za kuwalisha wachimbaji, na jambo hilo limeandikwa katika daftari lenu. Mkitufukuza, ng'ombe watakufa, na watoto wetu hunywa maziwa ya ng'ombe hao."

Mtendaji akafungua daftari la mwaka uliopita, akatafuta ukurasa, akausoma. Ikawa kweli. Wale waliopiga kelele wakanyamaza. Kama daftari lile lisingeandikwa, au kama lingekuwa limepotea, mzee yule angeitwa mwongo mbele ya watu, na pengine damu ingemwagika kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Kisha mama mmoja mjumbe akaomba nafasi. "Mzee Mwenyekiti," akasema, "mimi huteka maji pale kila alfajiri, basi naomba niseme ninayoyaona. Ng'ombe hawana kosa kunywa. Kosa ni kuingia. Tuzungushie lambo ua wa miiba. Chini yake, kwenye mteremko, tujenge birika, na maji yashuke kwa bomba. Ng'ombe wanywee birikani, sisi tuteke juu."

Wakajadiliana juu ya gharama, juu ya saa za kunywesha, na juu ya ada itakayotozwa kwa kila kundi. Mwishowe wakapiga kura. Wajumbe 11 walikubali, 5 walikataa, 2 hawakupiga upande wowote. Yule mjumbe wa kwanza alikuwa miongoni mwa waliokataa. Lakini kura zilipokwisha kuhesabiwa akasema, "Sikukubali, ila shauri sasa ni la baraza, nami nitaleta miiba yangu." Maneno haya, ninyi wanafunzi, ni heshima kubwa kuliko ushindi. Mtu ana haki ya kupinga kabla ya kura. Baada ya kura, kama hakuridhika, zipo njia za haki za kupeleka shauri lake mbele, wala si kuvunja ua usiku.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Kanuni ya kutoza ada na faini ni sheria ndogo, na Halmashauri ya Kijiji haiwezi kuitumia kwa kauli yake yenyewe. Ilibidi ipelekwe mbele ya Mkutano Mkuu, watu wote waijadili, kisha ipelekwe kwa Halmashauri ya Wilaya ipate kibali. Mbona safari ndefu hivyo? Kwa sababu faini ni kuchukua mali ya mtu, nayo mali ya mtu isichukuliwe kwa neno la watu wachache walioketi chini ya mwembe.

6. Hesabu mbele ya watu

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya miezi kadhaa Mkutano Mkuu uliitwa, na hesabu za lambo zikasomwa. Ada iliyokusanywa ilikuwa shilingi 186,000. Bomba, saruji na misumari viligharimu shilingi 150,000. Fedha zilizokuwamo katika kasha zilikuwa shilingi 11,000. Msichana mmoja, aliyetimiza miaka 18 mwaka ule ule, akainua mkono akauliza, "Mzee Mwenyekiti, naomba radhi. Ukitoa 150,000 katika 186,000 hubaki 36,000. Kasha lina 11,000. Shilingi 25,000 ziko wapi?"

Watu wengine wakamkemea, wakisema mtoto hawaulizi wazee hivyo. Mwenyekiti akawanyamazisha. "Ameuliza kwa adabu," akasema, "na hesabu haina mzee wala kijana. Mtunza fedha ajibu."

Mtunza fedha akajibu kwamba alimlipa fundi aliyejenga birika, lakini hakuchukua stakabadhi. Watu wakaguna. Fundi akaitwa, akafika, akakiri kwamba alipokea shilingi 25,000. Basi fedha hazikuibwa. Lakini fikirini: kama fundi yule angekuwa amehama, au amekufa, mtu mwaminifu angebaki na jina la mwizi maisha yake yote, na watoto wake wangezomewa njiani. Stakabadhi ni karatasi ndogo, nayo humlinda mtunza fedha kuliko inavyomlinda mtoa fedha. Mkutano ukaazimia kwamba tangu siku ile hakuna malipo bila stakabadhi, na kwamba mapato na matumizi yabandikwe ubaoni mahali ambapo kila mtu aweza kusoma.

Kumwuliza kiongozi habari za fedha si kumtukana. Anayeulizwa na kujibu huongezewa heshima. Anayekasirika kabla ya kujibu hujitia mwenyewe katika shaka.

7. Ardhi ya kijiji

Shauri kubwa kuliko yote ni la ardhi, maana lambo likiharibika huchimbwa jingine, lakini ardhi ikitolewa ni vigumu kuirudisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba Halmashauri ya Kijiji huisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, mfano wa mdhamini anayetunza mali ya yatima. Mdhamini hauzi mali ya yatima ili anunue shati lake. Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu.

Kwa hiyo mgeni akija na gari na zawadi, akitaka bonde lote, mwenyekiti mwema humkaribisha, humpa kiti na maji, kisha humwambia, "Bwana, mimi sina ardhi ya kutoa. Shauri lako litasomwa mbele ya watu, nao ndio watakaosema." Na mwanakijiji asiyehudhuria mkutano asishangae baadaye akikuta mpaka mpya katikati ya malisho yake. Aliyenyamaza kwa kutokuwapo amewaachia wengine kauli yake.

Ugomvi wa mipaka hupelekwa kwanza kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, na kati yao wanawake wasipungue 3. Kazi yake ni kupatanisha. Mtu asiporidhika aweza kwenda mbele katika vyombo vya juu.

8. Mabaraza ya visiwani

Msidhani mambo haya ni ya bara tu. Kisiwani Mafia, na Ukerewe katika Ziwa Victoria, vijiji vina halmashauri kwa sheria ile ile, ila mashauri yao mengi ni ya samaki na nyavu. Mafia kuna hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, na watu wa vijiji vilivyomo hawana budi kujadili mahali pa kuvua na namna ya kuvua, kama ninyi mnavyojadili malisho. Unguja na Pemba zina utaratibu mwingine. Huko eneo huitwa shehia, na mkuu wake ni sheha, ambaye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye husaidiwa na baraza la ushauri.

Mbali zaidi, kati ya Uingereza na Ireland, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Isle of Man. Baraza lake huitwa Tynwald. Kila mwaka, kwa kawaida tarehe 5 Julai, wajumbe hupanda kilima kidogo, na habari za sheria mpya husomwa hadharani kwa Kiingereza na kwa lugha ya zamani ya kisiwa hicho, watu wakisikiliza chini ya mbingu. Wangeweza kuzichapa na kunyamaza. Lakini wameshika desturi ya wazee wao, kwamba sheria isomwe mahali ambapo mkulima na mvuvi wataisikia. Nao pia, basi, wanalijua lile neno tuliloanza nalo: baraza li nje ya mlango.

9. Wajibu wa mwanafunzi

Mtasema, "Sisi bado ni watoto, hatujatimiza miaka 18." Ni kweli, hamwezi kupiga kura. Lakini mwajua kusoma, na labda nyumbani yuko bibi asiyejua. Bango la mapato na matumizi likibandikwa, msomeeni. Mwajua kutoa na kujumlisha, basi zipigeni hesabu zile mpate kujua kama zinalingana. Jizoezeni kungoja zamu ya kusema, kusikiliza neno la mtu msiyekubaliana naye, na kuandika yaliyoamuliwa kabla hayajasahauliwa. Mtu hajifunzi mambo hayo siku anapochaguliwa. Huyajua tangu darasani, au hayajui kabisa.

Maswali

1. Neno baraza lilikuwa na maana gani hapo kwanza?
2. Eleza maana ya kuzifya shi na kubana shi.
3. Kwa nini amri ya kulima matuta ilipingwa katika Usambara?
4. Taja tofauti kati ya Mkutano Mkuu wa Kijiji na Halmashauri ya Kijiji.
5. Katika shauri la lambo, daftari lilisaidiaje kuzuia ugomvi?
6. Mjumbe aliyeshindwa katika kura alifanya nini? Je, wewe ungefanyaje?
7. Kijiji kimekusanya ada ya shilingi 240,000, kikatumia shilingi 172,500. Katika kasha mna shilingi 60,000. Je, hesabu zinalingana? Kama hazilingani, ungeuliza swali gani, na kwa maneno gani?
8. Kwa nini Halmashauri ya Kijiji hufananishwa na mdhamini wa mali ya yatima?

Kazi: Chagueni mwenyekiti na katibu katika darasa lenu. Fanyeni kikao juu ya jambo moja la shule, kwa mfano zamu za kuteka maji au usafi wa uwanja. Katibu aandike muhtasari, na kikao kinachofuata kianze kwa kuusoma.